Anza na Maji: Namna ya Kuitazama Dunia Kupitia Madirisha ya Kituo cha Anga

Anayefungua kwa mara ya kwanza matangazo ya moja kwa moja kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hutarajia kuona mpira wa buluu ukielea gizani. Anachokuta ni mawingu, kisha bahari, kisha mawingu tena, na haupiti muda anazima simu kuokoa bando. Kamera haina kosa. Kituo chenyewe hakiko mbali kiasi hicho: kinazunguka takribani kilomita 400 juu yetu, sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka. Ile picha maarufu ya dunia nzima, yenye Afrika na Madagaska zikionekana wazi, ilipigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972 wakielekea mwezini, wakiwa umbali wa kilomita 29,000 hivi. Kutoka dirisha la kituo hutaipata kamwe.

Utakachopata ni kipande. Kituo kikiwa juu ya Dodoma, upeo wa macho unaishia kilomita zipatazo 2,200 kila upande. Addis Ababa imo ndani ya duara hilo, Antananarivo imo, Khartoum haimo. Na kipande chenyewe kinapita mbio, kwa kuwa ardhi iliyo chini ya kituo huachwa nyuma kwa kasi ya kilomita saba na zaidi kila sekunde. Kutoka Mwanza hadi Mtwara ni chini ya dakika tatu. Kwa hiyo mtazamaji mzuri hujiandaa kabla: anajua dirisha linatazama wapi, huku chini ni saa ngapi, na jua limesimama upande gani. Ubora wa kamera unakuja baada ya hayo matatu.

Dirisha lipi?

Picha nyingi unazoziona kwenye magazeti na mitandao, zile za mwanaanga akiwa amezungukwa na vioo, zimepigwa ndani ya Cupola. Ni kijumba chenye umbo la kuba kilichotengenezwa Torino, Italia, kwa ajili ya Shirika la Anga la Ulaya, na kikapelekwa juu na chombo Endeavour Februari 2010. Kina madirisha saba: sita yamekizunguka pembeni na moja, la duara, liko katikati likiwa na kipenyo cha sentimita 80. Kinatazama chini, kwenye dunia, ndiyo maana mtu aliyemo anaweza kuona moja kwa moja anachopita juu yake na pia kugeuza shingo aone kinachokuja.

Dirisha la pili la kulijua ni lile la sakafuni katika maabara ya Destiny, lenye upana wa sentimita 51 hivi. Kioo chake kimesafishwa kwa viwango vya lenzi, kwa hiyo hutumika zaidi kwa kazi za kisayansi zinazotaka picha isiyopindika. Sehemu ya Kirusi, Zvezda, nayo ina madirisha yake, na kabla ya Cupola kufika hayo na lile la Destiny ndiyo yaliyofanya kazi kubwa.

Matangazo ya moja kwa moja ni suala jingine. Kwa kawaida hutoka kwenye kamera zilizofungwa nje ya kituo, na kamera hizo hazina mtu wa kuzigeuza kwa ajili yako. Jifunze kutambua zinakotazama. Ardhi ikitokea mbali kwenye upeo na kuteremka kuelekea chini ya kioo cha simu, kamera inatazama mbele. Ikianzia chini na kukimbilia upeoni, inatazama nyuma, na unachokiona kimeshapitwa. Ikikatiza tu bila upeo kuonekana, inatazama chini wima. Skrini ikiwa nyeusi, huenda ni usiku huko. Kila mzunguko una kipindi cha giza cha kama dakika 35. Ikiwa na rangi moja au maandishi ya kuomba subira, mawasiliano yamekatika wakati wa kuhama kutoka setilaiti moja ya mawasiliano kwenda nyingine. Subiri.

Hapa nina onyo. Mitandao ya video imejaa rekodi za zamani zinazorushwa upya kwa jina la "mubashara" ili kuvuna watazamaji. Kuzigundua ni rahisi: fungua pembeni ramani inayoonyesha kituo kiko wapi sasa hivi. Ramani ikisema Pasifiki usiku wa manane na video ikikuonyesha jangwa linalowaka jua, funga.

Saa na njia

Kituo kinatumia saa za UTC, na data zote za picha zimeandikwa kwa saa hizo. Msomaji wa Kenya, Uganda au Tanzania asihangaike kuongeza tatu ili kupata saa za Kizungu kisha kuzigeuza tena. Atoe tatu, basi. UTC 06:00 ni saa 3 asubuhi. UTC 17:20 ni 14:20, ambayo ukiondoa kumi na mbili ni saa 2:20 usiku. Walioko Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo watoe nne.

Njia nayo ina kanuni. Mzingo wa kituo umeinama nyuzi 51.6 kutoka Ikweta, kwa hiyo kwetu, karibu na Ikweta, kinapita kwa namna mbili tu: ama kinapanda kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, ama kinashuka kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Hakiji kutoka mashariki hata siku moja. Ukijua hili, picha yoyote ya mfululizo inakuwa nusu imeshajieleza: kama ya kwanza ina Ziwa Victoria na ya mwisho ina mwambao wa Mtwara, kituo kilikuwa kinashuka, kama imeanza na Ziwa Nyasa ikaishia Somalia, kilikuwa kinapanda.

Kituo hukamilisha mzunguko kwa dakika 93 hivi. Wakati huo dunia nayo imejizungusha, hivyo kila mara kinapokata Ikweta kinakuwa kimesogea nyuzi 23 na kidogo kuelekea magharibi. Kikipita juu ya Shelisheli, mzunguko unaofuata utakuwa karibu na Ziwa Victoria, na unaofuata huo utakuwa karibu na Gabon. Kwa hiyo ukiona kwenye ramani kimekatiza Shelisheli, una saa moja na nusu ya kumaliza kazi zako, kuchaji simu na kurudi.

Maji kwanza

Sasa picha iko mbele yako na hujui ni wapi. Usitafute miji, mchana miji yetu kutoka huko juu ni madoa ya kijivu yanayofanana na ardhi iliyolimwa. Usitafute mipaka wala barabara. Usidhani pia kwamba juu ya picha ni kaskazini, kwa sababu mwanaanga anayeelea hana juu wala chini, na kamera yake huelekea popote mwili ulipokaa. Tafuta maji, kisha geuza picha mpaka maji yafanane na ramani.

Afrika Mashariki imebarikiwa kwa jambo hili kuliko sehemu nyingi za dunia. Ziwa Victoria ni pana na karibu mviringo, lina visiwa vya Ukerewe upande wa kusini na mkono mwembamba wa Ghuba ya Winam upande wa Kisumu, ambako maji mara nyingi huonekana ya kijani kwa sababu ya mwani. Tanganyika ni refu, jembamba, na jeusi kwa kina chake. Nyasa linafanana nalo kwa umbo, lakini liko kusini-mashariki yake, na katikati yao kuna Rukwa, ambalo maji yake machache yenye tope huonekana mepesi, karibu rangi ya chai ya maziwa. Ukiona doa hilo lililopauka kati ya mistari miwili mirefu ya giza, umeshajua upo wapi bila kusoma chochote. Kaskazini, Turkana lina rangi ya kijani kibichi. Natron hujipambanua zaidi ya yote: wakati wa kiangazi huwa na wekundu na weupe wa magadi uliochorwa mistari.

Kwenye mwambao, jipime kwa visiwa. Pemba, Unguja na Mafia vimejipanga kaskazini hadi kusini, na mkabala na Mafia unamwagika mto Rufiji kwa delta yenye mikoko ya kijani kilichokolea. Msimu wa mvua utope wake huingia baharini kama wingu la kahawia, na picha kadhaa za miezi tofauti zitakuonyesha wazi mvua za bara zimekuwaje.

Kilimanjaro huwapoteza wengi. Wanatafuta mlima, na kutoka juu wima hakuna mlima. Kimo chote cha mita 5,895 kinalala bapa. Kilichopo ni pete ya kijani cheusi, ule msitu unaouzunguka, na ndani ya pete kuna ardhi ya kahawia na kijivu yenye vipande vidogo vyeupe vya barafu iliyosalia. Magharibi yake utaona Meru, ambao ubavu wake wa mashariki umebomoka na kuacha umbo la kiatu cha farasi. Endelea magharibi zaidi na Ngorongoro inajitokeza, duara la kilomita 20 hivi ambalo halifanani na kitu kingine chochote jirani. Ukitaka kuuona mlima ukiwa mlima, chagua picha iliyopigwa kwa kuinamisha kamera kuelekea upeoni, jua likiwa chini.

Mawingu yana ratiba

Mtu akilalamika kwamba kila picha ya Ziwa Victoria ina mawingu, muulize ilipigwa saa ngapi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa hupanda juu ya ardhi, na kufika alasiri mawingu yamejikusanya kuzunguka ziwa huku juu ya maji kukiwa kweupe. Kutoka Cupola unaona umbo la ziwa lote limechorwa na mawingu yasiyolifunika, na kwa kweli hiyo ni mojawapo ya picha nzuri za eneo letu. Usiku mambo hugeuka: upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya maji yenye joto, na radi huanza katikati ya ziwa. Wavuvi wa Ukerewe na Mfangano wanayajua haya bila setilaiti.

Kwa hiyo anayetaka mashamba, vilima na mito ya bara atafute picha za asubuhi. Anayetaka ziwa lenyewe aridhike hata na alasiri. Tatizo ni kwamba ratiba ya wanaanga huwaamsha UTC 06:00 na kuwalaza 21:30, yaani kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6:30 usiku kwa saa zetu. Tarajia picha chache za alfajiri na nyingi za mchana na jioni.

Msimu nao una neno. Kuanzia Juni hadi Septemba, kusini mwa Tanzania, Zambia na kusini mwa Kongo, moshi wa nyasi zinazochomwa hutanda na kufifisha rangi za ardhi. Ukitaka picha safi ya nchi kavu, moshi huo utakukera. Ukitaka kujua moto unachomwa wapi, ndio wakati wenyewe.

Tumia jua, hata linapokukera

Mara nyingine unakuta bahari au ziwa limegeuka fedha. Jua limegonga maji na kurudi moja kwa moja kwenye dirisha, na wengi huiona picha hiyo imeharibika. Mimi ningeanza nayo. Katika mng'ao huo mito midogo na mabwawa ambayo vinginevyo yasingeonekana huwaka kama bati jipya la paa. Baharini unaona mikia ya meli, mikondo, mipaka ya maji laini na yenye mawimbi. Sehemu tulivu na sehemu yenye upepo hurudisha mwanga kwa namna tofauti, ndiyo siri ya michoro yote ile.

Jua likiwa karibu na kuchwa hufanya kazi nyingine. Vilima vidogo visivyoonekana adhuhuri hutupa vivuli virefu, kingo za Bonde la Ufa zinasimama, na mawingu ya ngurumo yanaweka vivuli vya makumi ya kilomita. Hata hivyo macho yanaweza kukudanganya hapa. Mazoea yetu ni mwanga kutoka juu. Picha ikiwa imegeuka na mwanga ukatokea chini, milima itaonekana mashimo na mabonde yataonekana matuta. Zungusha simu mpaka vivuli vielekee chini kwako, na ardhi itajirekebisha yenyewe.

Kupekua hazina ya picha

Usitegemee matangazo ya moja kwa moja peke yake. Picha za wanaanga zinatunzwa na NASA katika Johnson Space Center, Houston, kwenye tovuti inayoitwa Gateway to Astronaut Photography of Earth, na kuzitazama ni bure. Zimefika mamilioni. Namba ya picha inajieleza: ISS030-E ikifuatiwa na tarakimu ina maana ya picha ya kidijitali iliyopigwa na kikosi cha 30.

Kwenye kila picha soma kwanza vitu vitatu. Cha kwanza ni sehemu mbili zinazochanganywa sana: mahali kituo kilipokuwa, na mahali kamera ilipolenga. Kituo kinaweza kuwa juu ya Zambia na picha ikawa ya Mbeya. Cha pili ni kimo cha jua. Namba ndogo ina maana ya vivuli virefu, namba kubwa ni mwanga bapa wa adhuhuri. Cha tatu ni lenzi, na hapa kuna hesabu nyepesi. Kwa kamera ya fremu kamili inayotazama chini wima, gawanya 14,400 kwa milimita za lenzi, utapata upana wa picha kwa kilomita. Lenzi ya milimita 50 inabeba kilomita 288, ya 400 inabeba 36, ya 800 inabeba 18. Ukitafuta Unguja nzima, yenye urefu wa kilomita 85 hivi, usipoteze muda kwenye picha za lenzi ya 400. Tafuta za 150 au chini yake. Ukitafuta bandari ya Mombasa, fanya kinyume.

Ukipata picha nzuri, fungua pia iliyotangulia na iliyofuata. Mwanaanga hupiga kwa mfululizo, na picha ya jirani mara nyingi ina pwani au ziwa linalokuondolea shaka.

Usiku

Usiku sheria ya maji inageuka: sasa unatafuta mwanga, na maji ni pale mwanga usipokuwepo. Bonde la Mto Nili kutoka Aswan hadi Cairo ndilo darasa la kwanza, utepe wa mwanga wenye delta kichwani, hakuna awezaye kuukosea. Kwetu mwanga ni haba na umetawanyika, na ni rahisi zaidi kuanza na Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Dar hujitambulisha kwa vidole: jiji lilikua kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Rangi pia husema. Njano ya dhahabu ni taa za zamani za sodiamu, nyeupe kali ni LED. Madoa ya kijani baharini, kwenye Ghuba ya Thailand, ni taa za wavuvi wa ngisi.

Mstari mwembamba wa kijani au wa manjano uliotanda juu ya upeo si kasoro ya kioo. Ni angahewa yenyewe ikitoa mwanga hafifu, kwenye kimo cha kama kilomita 100.

Picha za usiku ndizo zilizowatesa wapigaji zaidi. Kamera ikifungua kwa sehemu moja ya 15 ya sekunde, ardhi imeshasogea karibu nusu kilomita na mji umekuwa michirizi. Don Pettit, aliyekuwa kwenye kikosi cha sita mwaka 2002 hadi 2003, alijitengenezea kifaa kutoka vipuri vilivyokuwemo kituoni ili kamera iifuate ardhi taratibu, na picha zake za miji zikawa kali kuliko za waliomtangulia. Ukiona picha ya usiku ambayo mji umetulia lakini nyota za upeoni zimevutika, kamera ilifuata ardhi.

Ukibahatika kufika mwenyewe

Wachache wamelipa nauli, akiwemo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2002. Ikitokea, zima taa za ndani kabla ya kufungua vifuniko vya madirisha, la sivyo utapiga picha ya uso wako. Funika lenzi na kioo kwa kitambaa cheusi, weka lenzi wima mbele ya kioo, usiiegemeze. Kioo cha Cupola kina tabaka nne, na la ndani lipo mahsusi kukinga mikwaruzo ya watu kama wewe. La nje linakinga vumbi la angani: mwaka 2016 mwanaanga Tim Peake alionyesha kovu la milimita saba lililoachwa na chembe ndogo mno. Ndiyo maana vifuniko hufungwa ukimaliza. Mchana tumia sehemu moja ya 1,000 ya sekunde au haraka zaidi, na usukume kamera ifuate unachokipiga.

Aliyebaki chini naye ana nafasi yake. Kituo huonekana kwa macho matupu, nukta nyeupe isiyopepesa, ikitokea upande wa magharibi na kukatiza anga kwa dakika chache. Karibu na Ikweta kitafute kati ya saa 1 na saa 2 usiku, au alfajiri kuanzia saa 10:45 hivi. Huduma ya NASA iitwayo Spot the Station itakupa siku na dakika. Kikizimika ghafla kabla ya kufika upeoni, kimeingia kwenye kivuli cha dunia, na walio ndani ya Cupola wameona jua likichwa dakika hiyo hiyo. Andika saa hiyo, ongeza tatu kuirudisha UTC. Saa 1:40 usiku ni 13:40 ukihesabu tangu alfajiri, yaani UTC 16:40. Baadaye, picha za siku hiyo zikishaingia kwenye hazina ya Houston, tafuta kwa tarehe na dakika uone kama kuna aliyekuwa dirishani, na kama lenzi yake ilikuwa ya milimita 50 au 400.